Sifuri Katika Daftari Lako la Houston

Mwanangu Tumaini,

Ninakuandikia nikiwa ndani ya vani yangu ya kusafishia mazulia, hapa mbele ya nyumba, kwa sababu katika mji wetu wote wa Garland hapa ndipo mahali pekee ambapo mama yako hawezi kuniita nikamfungulie kopo. Wewe umekwenda kuagana na vijana wenzako wa kanisa. Maboksi yako yako nyuma yangu, yamebanana na mashine na madumu ya sabuni. Kesho tukishaomba, wewe utatangulia na gari lako, mimi nitafuata na maboksi mpaka kwako Katy, huko Houston, na tafadhali usikimbie, maana vani hii ikipita maili sitini inaanza kutoa ushuhuda.

Sitakuambia habari za kupima oili wala za kufunga milango. Mama yako amekwisha kukuandikia karatasi tatu, pande zote mbili, na nimeona ukurasa wa pili wote ni vitunguu. Mimi nataka kukuambia nilivyokosea. Najua utaisoma barua hii polepole na kwa sauti, kama unavyosoma Kiswahili siku zote, na ukikwama kwenye neno utampigia mama yako. Nakuomba usimpigie ukiwa katikati ya barua. Katikati kuna habari zake.

Kwanza niungame. Daftari lako la bluu lilikuwa juu ya boksi la vyombo, nalo likafunguka lenyewe. Haya, nililifungua. Nikaona umepanga maisha yako ya Houston, mstari kwa mstari: pango la nyumba, bima, chakula, petroli, na petroli yenyewe sasa imekaribia dola nne kwa galoni. Ukaandika fungu la kumi, nikasema haleluya peke yangu. Halafu nikaona, "Dadi na Mama, 600 kila mwezi." Na chini yake, "Akiba ya uzeeni, 0." Hiyo sifuri umeizungushia duara, kama mwalimu aliyefurahishwa na jibu.

Nilitokwa na machozi, Tumaini. Kisha nikakasirika. Kisha nikala ile sambusa uliyokuwa umeificha kwa ajili ya safari. Hilo nalo naliungama.

Sasa nisikilize. Kazi yako mpya nimeielewa. Utawafuata wazee majumbani kwao uwanyooshe magoti, na ile kampuni itakulipa kwa kila ziara bila kukukata chochote. Hutakuwa mwajiriwa wao. Utakuwa kama mimi, mtu aliyejiajiri, ila wewe magoti, mimi mazulia. Na mtu aliyejiajiri hakuna anayemwekea akiba ya uzee. Anajiwekea mwenyewe, na serikali inamwambia mwisho wake ni wapi. Mimi huo mwisho niliupita kama basi lililokatika breki, na wewe ulikuwepo, ingawa ulijifanya hunijui.

Unakumbuka, ulikuwa mwaka wako wa mwisho wa sekondari. Mimi nilikuwa nimetimiza miaka arobaini na tisa na sikuwa na hata senti ya uzeeni. Siku moja nilipiga magoti nisafishe zulia la mzee mmoja kule Plano, nikashindwa kuinuka. Yule mzee, ana miaka themanini na fimbo, ndiye aliyeniinua. Alinipa maji akaniuliza nitastaafu lini. Nikacheka. Kwenye gari sikucheka.

Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri juu ya fungu la kumi, kwamba mtu asimpigie Mungu hesabu za ujanja. Akasema, "Usitoe kwanza petroli, usitoe kwanza simu, usitoe kwanza nywele za mkeo! Mpe katika jumla! Kilichoingia mkononi, hicho ndicho ulichopewa!" Nikaitika amina kuliko wote. Mimi ni shemasi, na siku zote nimetoa katika jumla. Mwaka ule mazulia yalikuwa yameniletea dola elfu thelathini na mbili, nami Mungu nilimpa elfu tatu na mia mbili, kamili.

Baada ya ibada, kaka mmoja pale kwenye chai akanieleza kwamba mtu aliyejiajiri ana akaunti yake maalumu ya uzeeni, na anaruhusiwa kuweka mpaka robo ya mapato yake, na fedha hiyo haitozwi kodi mwaka ule. Robo! Nilisahau mandazi mkononi. Nikaanza kupiga hesabu papo hapo. Robo ya nini? Mimi sikuuliza. Mtu aliyefundishwa miaka ishirini kwamba Mungu hupigiwa jumla, serikali ni nani ipigiwe pungufu? Robo ya elfu thelathini na mbili ni elfu nane.

Fedha nilikuwa nayo, kwa sababu zamu yangu ya chama ilikuwa imefika. Unakijua chama chetu, tulikuwa watu kumi, kila mwezi kila mmoja anatoa mia tano na mmoja anabeba zote. Mama yako alikuwa amesubiri zamu ile kwa ajili ya makochi. Alikuwa ameshayachagua, ya rangi ya kahawa ya maziwa, na kila akipita dukani aliyakalia kidogo ili yasimsahau. Nikachukua zile elfu tano, nikaongeza elfu tatu tulizoweka kwa ajili ya paa, nikaenda benki peke yangu. Binti wa pale aliponiuliza mapato yangu ya mwaka, nikatanua kifua, nikasema thelathini na mbili elfu. Akaandika. Nikatia sahihi. Usiku ule niliomba msamaha kwa Mungu kwa kumpa Yeye sehemu ya kumi na kujipa mimi sehemu ya nne. Hilo tu ndilo lililonisumbua.

Mama yako alipouliza makochi yako wapi, nilimwambia, "Nimeyaweka mahali ambapo nondo hawaharibu." Hakunisemesha siku tatu.

Machi ikafika, tukaenda DeSoto kwa Dada Esteri, mhasibu, atutengenezee fomu za kodi. Miaka yote ya nyuma nilikuwa nikizijaza mwenyewe pale jikoni, na mwanangu, hapa ndipo aibu yenyewe ilipo. Nilikuwa nimejifunza kwa wenzangu kwamba aliyejiajiri hutoa gharama zake kwanza, na kinachobaki ndicho faida, na kodi ni ya faida. Hiyo ni kweli. Basi mimi nikawa bingwa wa gharama. Nilikuwa na gharama za haki kama sabuni, petroli, mashine ya pili na yule Mkongo aliyekuwa akinisaidia Jumamosi. Lakini nilikuwa na nyingine pia. Nilimkabidhi Dada Esteri risiti zangu ndani ya boksi la viatu, nikaketi kama mtu anayesubiri zawadi. Mama yako alikuwa kando yangu, mkoba mapajani.

Dada Esteri akavaa miwani. "Mzee, hii suti ya kijivu ni ya kazi?"

"Ni ya kazi."

"Unasafisha zulia kwa suti?"

"Nikiwa kanisani nakutana na wateja."

Akachukua kalamu nyekundu, akakata. "Na hii tiketi ya Nairobi? Umeandika utafiti wa soko."

Mama yako akageuka kunitazama. Ile ilikuwa safari ya kumzika mjomba wangu kule Voi.

"Niliangalia mazulia ya pale," nikasema.

"Kwa mjomba wako?" mama yako akauliza. "Nyumba ya sakafu ya simenti?"

"Ndiyo maana utafiti ulikuwa mfupi."

Kalamu nyekundu ikapita tena. Ikapita kwenye redio ya gari, kwenye keki ya siku yako ya kuzaliwa, kwenye viatu vya mama yako nilivyoviita vifaa vya usalama. Mimi nilikuja na faida ya elfu saba, na nilikuwa nikijisifu jinsi nilivyoiteremsha. Dada Esteri alipomaliza kukata, faida ilikuwa imepanda mpaka elfu kumi na moja, na kodi imepanda nayo. Nikamwambia, "Dada, unaniua." Akasema, "Bado. Sasa nionyeshe karatasi ya akaunti ya uzeeni."

Nikampa kwa fahari. Akaitazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mzee, hii elfu nane umeipata wapi?"

"Robo ya jumla. Elfu thelathini na mbili."

"Jumla ni ya Mungu, Mzee. Serikali inakupimia kwa faida."

Ndipo akanieleza, nami nakueleza wewe kama alivyonieleza, maana litakuhusu. Wanachokuruhusu kuweka hakipimwi kwa fedha iliyopita mkononi mwako. Kinapimwa kwa faida iliyobaki baada ya gharama. Na si faida yote pia: kwanza unatoa nusu ya ile kodi ambayo aliyejiajiri hujilipia mwenyewe kwa ajili ya pensheni ya serikali na matibabu ya uzeeni. Halafu ile robo nayo si robo. Mwajiriwa anahesabiwa robo ya mshahara wake. Lakini wewe ni mwajiri na mwajiriwa ndani ya kiatu kimoja, kwa hiyo robo yako inahesabiwa baada ya kuondoa hicho hicho unachojiwekea. Nikamwambia, "Dada Esteri, hiyo ni kama kuniambia nipime mbuzi baada ya kutoa nyama nitakayokula, na nyama nitakayokula inategemea uzito wa mbuzi." Akasema, "Ndiyo hivyo hivyo, na ukimaliza kuzunguka na mbuzi wako, inakuwa moja ya tano." Akabonyeza mashine yake ya hesabu. Niliruhusiwa dola elfu mbili na arobaini na kitu. Mimi nilikuwa nimeweka elfu nane.

"Na ile ya ziada?"

"Ukiiacha humo, wanakutoza asilimia sita. Kila mwaka, mpaka uitoe."

Nilitaka kuzungumza, lakini Dada Esteri alikuwa bado anatazama karatasi tatu alizozipanga mezani, ya faida, ya fungu la kumi na ya akaunti, akizisogeza kama mtu anayecheza karata. "Mzee, nisaidie. Faida yako ya mwaka mzima ni elfu kumi na moja. Mungu umempa elfu tatu na mia mbili. Mwenyewe umejipa elfu nane. Hiyo ni elfu kumi na moja na mia mbili." Akanitazama juu ya miwani. "Mwaka mzima mlikula nini?"

Nikaanza kupekua lile boksi la viatu, Tumaini, kana kwamba risiti ya chakula imo humo.

Mama yako ndiye aliyejibu, taratibu kabisa, mkono juu ya mkoba. "Tulikula zamu zangu."

Unajua zamu zake. Wakati ule alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, akiwainua na kuwaosha, na Jumamosi akifanya zamu mbili. Miaka yote nilikuwa nikisimama kanisani nikisema Bwana ameibariki kazi ya mikono yangu. Mikono ilikuwa ya mtu mwingine. Sikuwa mwongo, nilikuwa sijahesabu tu. Nilitazama kilichoingia, sikutazama kilichobaki, na kila tulipokula nilidhani ni mazulia.

Tulipokuwa tukirudi, karibu na njia ya kutokea ya Mesquite, mama yako akasema, "Basi akaunti ile ni yangu." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na makochi." Nikasema ndiyo.

Siku ya pili nikakuchukua wewe twende benki, kwa sababu Kiingereza changu kinanitosha kwa mazulia, si kwa kuungama. Ilibidi tuitoe ile ziada kabla ya kupeleka fomu ili isitozwe. Unakumbuka yule kijana wa benki aliuliza sababu ya kutoa, nami nikaanza kumweleza tangu mahubiri, na nyuma yetu foleni imefika mlangoni? Wewe ulinivuta mkono, ukaninong'oneza, "Dadi, please, sema tu ulikosea." Nikakwambia mtafsirie hivyo. Ukamwambia kwa sentensi moja. Akapiga muhuri. Nilishangaa jinsi lilivyo jambo fupi.

Lakini kuna kitu nilikiona siku ile kwa Dada Esteri ambacho sijawahi kukuambia. Kila alipokata gharama yangu ya uongo, kodi ilipanda, ndiyo, lakini na kile ninachoruhusiwa kujiwekea kilipanda. Kwa zile elfu saba zangu za ujanja ningeruhusiwa elfu moja na mia tatu tu. Miaka minane nilijifanya maskini kwenye karatasi nikidhani ninaipunja serikali, kumbe yule maskini wa kwenye karatasi ndiye anayekuja kuzeeka. Pensheni ya serikali nayo inamtazama yeye huyo huyo. Tulirekebisha fomu za nyuma zilizokuwa bado zinarekebishika, tukalipa, tukala maharagwe. Tangu hapo naandika ukweli, nasubiri mwaka uishe, Dada Esteri anapima mbuzi, ndipo naenda benki. Wana subira mpaka siku ya kupeleka fomu, hakuna haja ya kukimbilia Januari na fedha unayoiota. Mwaka mzuri kiwango kinapanda, mwaka mbaya kinashuka. Mwaka niliovunja mkono kilishuka mpaka karibu na kifundo cha mguu, nami nikaweka hicho hicho.

Akiba ile yenye jina langu si kubwa. Haiwezi kununua hata gereji huko Katy. Ya mama yako, aliyofunguliwa kazini kwake, imeipita yangu, na hachoki kunikumbusha. Lakini ipo, na ni ya kweli.

Sasa turudi kwenye daftari lako.

Nilipokuwa na umri wako nami nilikuwa na daftari. La kijani. Babu yako kule Voi alikuwa na pensheni saba, yaani sisi watoto wake saba, na mimi nilipofika Texas nikawa pensheni nene kuliko zote. Kila mwezi nilituma. Sijutii chakula alichokula baba yangu, wala dawa, wala bati la nyumba. Mungu ni shahidi. Lakini kwangu niliandika sifuri, na hata mimi niliizungushia duara. Niliona ni utakatifu. Sifuri ile ilikaa kimya miaka ishirini na kitu, halafu siku moja kule Plano ikanishika magoti. Haraka niliyokuwa nayo siku ile ndiyo iliyonipeleka benki na elfu nane za makochi na paa. Mtu mwenye amani hapigi robo ya jumla. Mimi niliogopa, Tumaini. Niliogopa kwamba siku moja utaandika jina langu kwenye daftari lako, juu ya sifuri yako.

Na umeliandika.

Ukiacha hivi, najua yatakayokuja. Utafika arobaini na tisa, utashika goti la mzee fulani Houston, lako litalia kabla ya lake. Utakimbilia benki na binti yako atakuvuta mkono kwenye foleni. Mimi sitakuwepo kukwambia ni moja ya tano.

Kwa hiyo nimechukua penseli. Kifutio sikuwa nacho, nimetumia kile cha nyuma ya penseli ya mama yako ya hesabu za chama, utaona pamechafuka kidogo. Ile mia sita nimeifuta kwetu nikaiandika kwako, kwenye mstari wa uzeeni, kwa penseli nyepesi, kwa sababu hujui bado faida yako na kiwango hakijulikani mpaka mwaka uishe. Mwezi wenye magoti machache weka pungufu. Tukiugua tutakuambia, wala hatutajificha, na siku hiyo utakuja kama mtoto wetu anavyokuja. Lakini usianze kutulipa kabla hatujaanguka.

Nilimwonyesha mama yako. Alisoma mpaka chini, nikadhani atalia. Akachukua penseli, akaandika mwenyewe kando ya jina lake, "50, nywele." Nimemwambia hiyo haitoki katika jumla, itoke katika faida. Amesema nisimfundishe.

Kando ya jina langu nimeiweka ile sifuri yako. Nimeizungushia duara tena, safari hii kwa wino. Kesho kabla hujawasha gari fungua daftari uitazame, iko kwangu sasa, na nimeizoea.

Sambusa nyingine nitakununulia njiani, tukifika Corsicana.

Baba yako,
anayekuombea tangu kabla hujawa na daftari